Mzaliwa wa Machame, KKKT damu, natamani kuingia Uyahudi. Nianzie wapi?

Mpishi wa Kambi
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na naomba tusitukanane.

Nina miaka 24, kwetu Machame, nimepanga Kijenge hapa Arusha. Nimebatizwa, nikapata kipaimara, na mama ni mwanakwaya mpaka leo. Kazi yangu ni kupikia wageni wa safari porini.

Mwaka jana tulipata familia ya Kiyahudi, siku sita, Tarangire hadi Serengeti. Walikuja na sufuria zao, visu vyao, hadi vibao vya kukatia. Nilinuna, nikajua wanatuona wachafu. Baba mwenye familia akaja jikoni na ombi moja: kila nikitaka kuwasha jiko nimwite, awashe yeye. Kupika nipike mimi. Mayai akanionyesha nivunje moja moja kwenye glasi, nitazame kama kuna tone la damu. Lenye damu linamwagwa. Trei nzima tulienda hivyo. Mchicha tulichambua jani kwa jani tukisaka wadudu. Ijumaa kabla jua halijazama wakawasha mishumaa, simu zikawekwa kando, na Jumamosi yote gari halikutoka. Watu wamelipa madola yote yale, simba wako jirani tu, wao wamekaa chini ya mgunga wanaimba!

Tangu hapo sijatulia. Nasoma Torati, kitimoto nimeacha. Natamani niingie kabisa. Ila sijui pa kuanzia, Jumamosi kwetu ni kazi kama kawaida, na Desemba napanda kwenda kuhesabiwa. Mama lazima atapika kisusio, ile supu yetu ya damu, na damu Torati imekataza waziwazi. Namwambiaje?

Mangi Orijino
Mchaga ameacha kitimoto? Kapime malaria kwanza, ushauri utafuata.

Dada wa Same
Mdogo wangu, mbona unazunguka mbali? Njoo kwetu Wasabato. Ijumaa jua likizama kazi zimeshafungwa, nguruwe hatugusi, na Yesu unabaki naye.

Mpishi wa Kambi
Asante dada. Nilishasali kwenu mara mbili, mkanipokea vizuri sana. Ila tatizo langu liko hapo hapo kwenye Yesu. Ndiyo maana mama hajui kitu.

Mzee wa Kahawa
Dogo, mimi nimekaa Mbale, Uganda, miaka minne nikikusanya kahawa, na kwenye vilima vile nilinunua kwa Wayahudi. Weusi kama mimi na wewe. Wanaitwa Abayudaya. Walianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza kisha wakakosana. Alisoma Biblia mwenyewe, akang'ang'ania vitabu vya Musa, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Amin alipokuja akawapiga marufuku, wengi wakarudi makanisani na misikitini, waliobaki wakawa wanasali kwa kujificha. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea Marekani, akapewa urabi 2008, na baadaye akawa mbunge.

Nakwambia haya uone kitu kimoja. Hao walishika Sabato zaidi ya miaka 80 na bado mwaka 2002, marabi walipofika kutoka nje, mamia yao walikubali kukaa mbele ya waamuzi watatu, wakahojiwa, kisha wakazama majini, kwenye mikve, yaani birika la kujitakasa. Sasa wewe una mwaka mmoja na trei ya mayai.

Utaratibu uko hivi. Unatafuta rabi. Akikukataa mara ya kwanza usinune, ni desturi, kama Naomi alivyomwambia Ruthu arudi kwao. Akikupokea utasoma, kwa kawaida si chini ya mwaka, upitie sikukuu zote. Kutahiriwa najua ulishatahiriwa, hapo wanatoa tone moja tu la damu. Halafu baraza, halafu maji. Na Yesu kama Masihi unamwacha, hapo hakuna nusunusu. Hawa unaowaona mjini na shali za sala na baragumu huku wanahubiri Yesu, Wayahudi wenyewe hawawahesabu.

Kuhusu kazi ya Jumamosi, punguza presha. Asiyeingia bado hatakiwi hata kuishika Sabato yote kikamilifu. Wanafunzi wengi huambiwa wavunje kitu kimoja makusudi, hata kuwasha taa. Kwa hiyo pika.

Na kama kuna pasipoti ya Israeli kichwani mwako, itoe. Abayudaya wenyewe wamesumbuka sana na serikali ya kule.

Mpishi wa Kambi
Shikamoo mzee. Pasipoti hapana, hata ya Tanzania sina. Rabi nampata wapi?

Mzee wa Kahawa
Marahaba. Nairobi wapo tangu 1904 na sinagogi lao liko katikati ya jiji. Hapo hapo Arusha kuna jamii ndogo, wenyewe wanasema asili yao ni Yemen. Lakini usiwatokee mlangoni tu. Watu wachache namna hiyo wakiona mgeni wanaanza kujiuliza katumwa na nani. Andika, jieleze, subiri.

Kijana wa Unga Ltd
Na Gaza umeiona lakini?

Mpishi wa Kambi
Nimeiona na inaniuma. Nauliza habari ya kusali, sio ya serikali.

Mama Wawili
Mwanangu, sheria haikubani, Katiba ibara ya 19 inakuruhusu kubadili dini. Mama yako ndiye hajasoma hiyo ibara. Mimi wangu alisilimu nikaja kuambiwa na jirani sokoni, nimeshika fungu la nyanya. Kusilimu kwenyewe nilishakumeza. Jirani bado.

Usimpe yote siku moja. Anza na kisusio. Na mke je, umewaza? Watakutaka uoe mwenzao. Hapo Kijenge utamtoa wapi? Halafu nimeskia kwao mtu wa nje akishika zile amri saba za Nuhu anahesabiwa mwema bila kuingia. Hakuna anayekukimbiza.

Mpishi wa Kambi
MREJESHO, 28 Desemba. Nairobi niliandika, nimejibiwa kwa upole kwamba nisubiri. Nimecheka, nikamkumbuka Naomi.

Nyumbani nilimwambia mama jikoni anamenya ndizi: mama, damu nimeacha, Torati inakataza. Kimya. Kamenya kama ndizi nne hivi. Kisha, "Mtori hao watu wako wanakula?" Nikamwambia wanakula, ila nyama ichinjwe kwa utaratibu wao na isichanganywe na maziwa. Akasema, "Maziwa mimi siweki, anayeweka ni shangazi yako." Akanipikia mtori wa ndizi tupu, bila nyama. Habari ya Yesu sijaigusa.

Mangi Orijino
Kwa hiyo kisusio chako alikunywa nani? Nauliza tu, niko Moshi mpaka tarehe mbili.