Silaha za kopi kwenye midoli ya zamani ya Star Wars: sheria ilazimishe zigongwe alama au soko liachwe lijiendee?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu, naomba tulijadili hili la vibunduki na panga za kopi za midoli ya Star Wars kwa upana maana wakusanyaji wa Marekani wanalipigia kelele miaka nenda rudi, na sisi tunaoagiza mtandaoni tunaumia kimyakimya.

Kwa wasiojua, filamu ya kwanza ya Star Wars, ile ya vita vya angani, ilipotoka 1977 kampuni ya midoli ya Kenner ya Cincinnati, Ohio haikuwa na midoli tayari, kwa hiyo Krismasi ile watoto wakanunuliwa pakiti yenye cheti bila mdoli ndani, wakakituma kwa posta, midoli minne ikawafikia 1978. Midoli yenyewe mingi ni midogo, mdoli wa mhusika mwenye umbo la mtu mzima ana urefu wa inchi 3 na robo tatu hivi, wengi wana kabunduki au upanga, na watoto ni watoto bwana, vile vibunduki vikapotelea kwenye zulia, kwenye majani uani, vingine vikaliwa na mbwa. Leo mdoli upo ila mkono mtupu, na hapo ndo wakaingia watengeneza kopi.

Bei inabadilika kabisa kutokana na hako kakitu. Chukua mdoli wa Luke, shujaa wa filamu, wa toleo la mwanzo mwanzo, upanga wake unasukumwa kutoka ndani ya mkono, halafu kwenye ule wa plastiki nene kinachomoza kipande kingine chembamba. Kenner waliachana na muundo huo mapema, kwa hiyo aliye nao kamili anashika hela ya maana. Au Jawa, yule kiumbe mfupi wa jangwani, wa 1978 aliyetoka na koti la plastiki kabla hawajambadilishia la kitambaa, watu wanachukua koti la plastiki la mdoli wa Obi-Wan, yule mzee mwalimu wa Luke, wanalikata wanamvalisha Jawa wanauza kama orijino.

Kipimo cha mtaani cha kujua silaha orijino ni glasi ya maji, za zamani nyingi zinaelea na kopi nyingi zinazama. Nilitumbukiza bunduki nyeusi ya Stormtrooper, yule askari wa magwanda meupe, ikaelea vizuri kabisa, kuja kuiweka chini ya lenzi naona kona zimelegea na mistari ya kwenye mtutu imefifia, kwa sababu moldi, yaani umbo la kumiminia plastiki, imechukuliwa juu ya orijino na kila ukikopi unapoteza kidogo. Yani siku hizi kopi nazo zinaelea, na kuna orijino zinazama, kwa hiyo hicho kipimo sio cha kukitegemea tena.

Sasa hoja yangu. Marekani wana sheria ya 1973 inaitwa Hobby Protection Act, ukitengeneza kopi ya sarafu ya kale lazima uigonge neno COPY, na kopi ya vitu vya kampeni za siasa kama beji lazima iwe na mwaka ilipotengenezwa. 2014 wakaibana zaidi, hata muuzaji na anayemsaidia huku akijua naye anabanwa. Midoli haimo. Mimi nasema iingizwe, tena jana.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu umeongea ila umetusahau wenye kipato kidogo. Nina mdoli wa Han Solo, yule rubani wa kwenye filamu, wa marehemu mjomba, bunduki hana, ya orijino siiwezi, ya kopi naimudu na inanitosha kabisa pale kabatini. Halafu hicho kitu hakifiki hata sentimita tatu, utagonga wapi hayo maandishi? Mkibana sana watengenezaji wadogo wataacha na tutabaki na midoli mikono mitupu.

Mchangiaji wa pili:
Sheria ya Marekani itamfikiaje mtu anayemwaga plastiki chumbani kwake nchi nyingine? Mnunuzi ajifunze kutofautisha, basi.

Mleta mada:
Ndugu yangu wa Han Solo, pole kwa mjomba, na sijasema kopi zifutwe hata kidogo. Ukienda Kariakoo muuza spea akakwambia hii kopi bei hii, hii orijino bei ile, unanunua roho kwatu. Shida ni ile isiyosema. Wewe unajua yako ni kopi, ila siku ukiiuza, na atakayenunua naye akaiuza, mtu wa tatu hajui kitu na anailipia kama ya 1978, na hapo hakuna aliyedanganya kwa makusudi! Nafasi ya kugonga ipo, herufi moja chini ya kitako inatosha, na kama haikai basi plastiki iwe ya rangi ambayo Kenner hawakuwahi kutumia. Kuna watengenezaji wanatangaza wazi kuwa wanauza kopi na wateja hawajawakimbia.

Kuhusu wa nje ya nchi, sawa hutomshika, ila minada na masoko ya mtandaoni yapo Marekani na hayo yanashikika, ndo maana ya yale mabadiliko ya 2014. Na hili la mnunuzi ajifunze, ajifunze kwa kipi wakati kopi zinachanganywa humo humo kwenye makasha ya orijino kila mwaka? 2012 midoli hii iliingizwa National Toy Hall of Fame, yaani orodha ya heshima ya vitu vya kuchezea, kule Rochester, New York, kwa hiyo wenyewe wamekubali ni sehemu ya historia yao. Anayepinga aniambie kitu kimoja tu, muuzaji mwaminifu anapoteza nini kwa herufi moja?