Wiki moja kwa mashua ya tanga Ugiriki: Cyclades, Saronic au Ionia?

Baba Naima
Ndugu zangu, mimi na mke wangu tunaishi Ujerumani, na tumeazimia kukodi mashua ya tanga ya futi 38 pamoja na watoto wetu wawili, wa miaka 7 na 11, kwa wiki ya mwisho wa Julai. Cheti cha unahodha ninacho, ila nimezoea maziwa kuliko bahari. Moyo umeelekea Paros, Naxos na Santorini, visiwa vya kundi la Cyclades. Naomba mnilinganishie na maeneo mengine.

Nahodha Mstaafu
Kaka, amua kwa upepo, si kwa picha. Julai na Agosti Cyclades hutawaliwa na meltemi, upepo wa kaskazini unaovuma chini ya anga safi isiyo na wingu la kukuonya, mara nyingi kwa nguvu ya 5 hadi 7 katika kipimo cha Beaufort, na ukishashika huweza kukaa siku kadhaa bila kupumzika hata usiku. Kushuka kutoka Athens hadi Paros upepo ukiwa tezi, yaani nyuma ya chombo, ni raha tupu. Taabu ni kurudi, kwa sababu mashua ina siku yake ya kurejeshwa, nawe utakuwa unabisha dhidi ya mawimbi mafupi yaliyosimama wima huku watoto wakitapika chumbani. Sisi tulikwama kisiwani Kythnos siku tatu, tukaishia kuyajua majina ya paka wote wa gatini. Santorini iondoe kabisa: ndani ya kaldera, lile shimo la volkano lililojaa bahari, kina huporomoka hadi mamia ya mita karibu kabisa na majabali, kwa hiyo pa kutia nanga ni pa shida.

Bi Mwanaidi
Nakubaliana na Nahodha, ila Saronic, ghuba iliyo jirani na Athens, isipitwe. Ukiondoka Alimos, bandari ya mashua ya Athens, asubuhi, alasiri uko kisiwani Aegina ukinunua pistachio, na siku zinazofuata unaweza kufika Poros na Hydra, kisiwa kisicho na magari, ambako hata friji hupandishwa mlimani kwa nyumbu. Kasoro yake ni bandari ya Hydra yenyewe. Mashua hufunga tezi gatini na kutupa nanga mbele, na kwa kuwa nafasi ni finyu, minyororo hulaliana. Asubuhi yetu ya pili jirani aling’oa nanga yake ikaja na yetu; ilitubidi kupitisha kamba chini ya mnyororo wake, tuuning’inize, tujinasue, watu wakitutazama kutoka mikahawani. Tena kwa ukaribu wake na Athens, mwisho wa wiki hapashikiki.

Mzamiaji
Kwa familia yenye watoto, mimi ningesema Ionia, visiwa vya upande wa magharibi wa Ugiriki, bila kusita. Huko kuna maistro, upepo wa kaskazini-magharibi ambao kwa kawaida huanza adhuhuri na kufa jua linapotua, basi asubuhi mnaogelea, mchana mnatweka, usiku mnalala. Kutoka kisiwa cha Lefkada, kisiwa cha Meganisi ni mwendo wa saa chache tu, kisha Ithaca na Fiskardo, mji wa kisiwa cha Kefalonia ulionusurika tetemeko la 1953. Nyumba nyeupe za kwenye picha za Cyclades hutazikuta. Kule ni mapaa ya vigae na misonobari inayoshuka hadi majini.

Pwani1
Cyclades msiizike. Nendeni mwanzoni mwa Juni. Meltemi huwa haijakomaa.

Baba Naima
Pwani1, shule hazijafungwa Juni. Basi ni Ionia. Je, nizingatie maji kupwa na kujaa?

Nahodha Mstaafu
Hapana, si kama kwetu Zanzibar, ambako wakati wa bamvu tofauti ya maji kupwa na kujaa huzidi mita 3. Huko Ionia ni sentimita tu. Jambo la kuuliza mapema ni mtu wa pili, kwani mbali na nahodha, hutakiwa mwingine anayejua kazi za chomboni. Shemeji anaweza kushika usukani?

Baba Naima
Anaweza, tena ananishinda. Ila cheti hana, kwa hiyo kesho nitawauliza wenye mashua kama tamko lake lililotiwa saini litatosha.