Tupeane uzoefu: mboga za kilimo hai na mboga zilizopuliziwa dawa ya wadudu, nyinyi mmeona nini?

Mama Kisauni: Leo sokoni Kongowea nimeuziwa mchicha kwa bei ya karibu maradufu kwa kuwa muuzaji ameapa kwamba haukuguswa na dawa. Nimemkumbuka marehemu mama, ambaye nyanya isiyo na doa hata moja hakuiruhusu jikoni mwake, akisema kuwa kitu kilichokimbiwa na wadudu hakimfai binadamu. Naomba wenzangu mtueleze yaliyowafika.

Mkulima wa Kwale: Maneno ya marehemu yamenirudisha mbali. Jirani yangu alipulizia nyanya zake magharibi, na alfajiri dalali akafika na gari kwa sababu bei ilikuwa imepanda ghafla; zikachumwa zingali zinanuka, na kijana aliyekuwa akichuma kwa mikono mitupu akaanguka matutani, akitapika na kutokwa na jasho na mate, huku makreti yakiendelea kupakiwa kuja Mombasa. Tulimkimbiza zahanati, akapona. Chupa ya dawa huandikwa siku za kungoja kati ya kupulizia na kuvuna, kwa kuwa katika siku hizo dawa huvunjika kwa jua na joto. Wenye haraka ndio wanaotulisha sumu, hata dawa yenyewe ikiwa halali. Wala msidhani kilimo hai hakina dawa kabisa: sisi hutumia maji ya mwarobaini, na zipo dawa za shaba zinazoruhusiwa.

Binti Mvita: Ni kweli tupu. Na ile alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2007, sokoni sijaiona juu ya fungu hata moja.

Msomaji wa Makadara: Tutenganishe lishe na usalama. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2012 hayakupata ushahidi wa nguvu kwamba vyakula vya kilimo hai vinashinda kwa lishe, ingawa mabaki ya dawa yalionekana humo mara chache zaidi.

Shabiki wa Madafu: Ndugu yangu, hao wa Stanford hawanunui mchicha uliomwagiliwa maji ya mtaro. Huo nao hauna dawa!

Msomaji wa Makadara: Ungeningoja nimalize. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na jirani zake, watu 125 waliuawa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa katika mahindi ya kwao yaliyohifadhiwa na unyevu. Hapakuwa na kosa la dawa.

Baharia Mstaafu: Mimi nilikuwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 2011, meli yetu ikiwa bandarini. Watu waliharisha damu, figo zikashindwa kufanya kazi, hospitali zikafurika, na lawama ikatupiwa matango ya Uhispania. Hatimaye ikabainika kuwa chanzo ni uwatu uliochipushwa katika shamba la kilimo hai, kwa mbegu zilizotoka Misri. Walikufa zaidi ya watu 50. Nahodha alitupiga marufuku saladi, tukaishi kwa wali na maharagwe.

Mama Kisauni: Uwatu! Baharia, wanawake wa mji huu wote wakijifungua hunyweshwa uwatu, usitutie hofu.

Baharia Mstaafu: Bi Mkubwa, wa kupikwa sikuulaumu. Ule ulichipushwa penye joto na unyevu, ambapo bakteria huzaana, kisha ukaliwa mbichi.

Binti Mvita: Mimi huloweka kila kitu katika chumvi na siki.

Mkulima wa Kwale: Siki haiitoi dawa iliyokwisha kuingia ndani ya jani. Osha kwa maji yanayotiririka, menya kinachomenyeka, upike.

Shabiki wa Madafu: Ndiyo maana mimi nanywa dafu. Hakuna pampu inayofika juu ya mnazi.

Msomaji wa Makadara: Na panga la huyo anayekukatia, huoshwa kwa maji gani?