Mto wa Mbu hadi Ziwa Natron kwa baiskeli: matairi, maji, na wapi pa kusimama kuangalia miamba

Mwamba_Moto aliuliza:

Habari za leo wakuu. Tuko wanne, tunapanga siku tatu mwezi wa saba kutoka Mto wa Mbu hadi Engaresero, kando ya Ziwa Natron. Hatushindani na mtu, tunataka kuziona kwa utulivu volkano na miamba ya Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai (eneo linalotunzwa kwa ajili ya miamba na sura ya ardhi yake). Baiskeli ni za milimani, rimu inchi 29, matairi inchi 2.1 yenye tyubu. Tugawe vipi safari? Maji kiasi gani? Na je, tunaweza kukatiza ndani ya Ngorongoro badala ya kufuata chini ya ukuta wa Bonde la Ufa?

Spoku32 alijibu:

Mkuu, wazo la kuingia kreta (lile bakuli la volkano la Ngorongoro) kwa baiskeli liondoeni kabisa. Chini kule kuna simba, nyati na faru, na wageni hushuka kwa gari. Njia yenu ni hiyo ya chini: Mto wa Mbu, Selela, Engaruka (takriban km 60), kisha Engaresero (kama km 55 nyingine). Siku ya kwanza lalieni Engaruka, ya pili mfike Engaresero, ya tatu iacheni kwa kutembea.

Adui wa kwanza ni miiba ya migunga. Kwa tyubu za kawaida mtaziba pancha mpaka mchoke. Kama rimu zinaruhusu, ondoeni tyubu, mtie maji ya kuziba pancha, ml 100 kwa kila tairi. Mkibaki na tyubu, kila mmoja abebe mbili za akiba na viraka visivyopungua kumi. Pancha ikitokea, msikimbilie kuweka tyubu mpya. Pitisheni kitambaa taratibu ndani ya tairi lote, maana ncha ya mwiba hukatikia kwenye mpira na haionekani kwa nje. Mkiiacha, tyubu mpya haimalizi hata kilomita moja.

Upepo wa matairi: kwa mtu wa kilo 70 na mzigo wa kilo 10, bila tyubu tosha PSI (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 24 mbele na 27 nyuma. Kwa tyubu pandisheni hadi 32–35, la sivyo rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili pacha.

Barabara ina mawimbi kama bati, na hayo ndiyo yanayofungua nati. Kila mkipumzika kazeni bolti za keria na kagueni spoku za nyuma. Bebeni kipande cha akiba kinachoshika gia ya nyuma kwenye fremu. Kinapinda kirahisi baiskeli ikianguka, na cha aina yako hukipati Engaruka.

Majivu_ya_Lengai alijibu:

Naongezea upande wa miamba, kwa sababu wengi huipita barabara ile wakitazama gurudumu la mbele tu.

Mkielekea kaskazini, ukuta mnaouona kushoto ni ukingo wa Bonde la Ufa: ardhi ya upande wenu ilishuka, ya upande wa pili ikabaki juu. Nyuma ya ukuta huo ndiko nyanda za juu za Ngorongoro, volkano zilizopangana. Ngorongoro yenyewe ilikuwa mlima. Tumbo lake la magma (mwamba ulioyeyuka) lilipopungua, kilele kikaporomoka ndani, zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Ndiyo maana ukingo wake uko juu ya sakafu kwa mita 600 hivi.

Engaruka tengeni saa mbili kwa magofu. Ni matuta ya mashamba na mifereji ya mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuunganishia, ya kati ya karne ya 15 na ya 18. Mawe yote ni ya volkano, yaliyookotwa papo hapo.

Mkishatoka Engaruka mtaipita Kerimasi, volkano iliyozimika, kisha Ol Doinyo Lengai. Huu ndio mlima pekee hai unaojulikana kutoa lava ya kabonati ya sodiamu. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava ya kawaida, na ikiwa mbichi hutiririka kama oili. Hutoka nyeusi, lakini ikinyonya unyevu hugeuka nyeupe ndani ya saa au siku chache. Kwa hiyo weupe wa kileleni si theluji.

Engaresero kuna nyayo za watu zaidi ya 400 kwenye majivu yaliyoganda. Nendeni asubuhi au jioni na mwongozaji wa kijiji. Jua likiwa limelala, kivuli huonyesha hadi vidole, lakini saa sita mchana mtaona mwamba bapa tu. Msikanyage, na msiondoke na jiwe lolote, hapo wala Engaruka.

Mwamba_Moto:

Asanteni sana. Maji je? Na Lengai tunaweza kuupanda siku hiyo ya tatu?

Spoku32:

Lita sita kwa kila mtu kwa siku, na mlipie bodaboda atangulie na madumu hadi katikati ya njia. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, muwe mmefika kabla ya saa saba mchana. Bonde linashuka hadi mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, joto lake si la Karatu kule nyanda za juu. Bebeni pia fedha taslimu. Kuna vizuizi vya ushuru njiani.

Lengai msiupande siku ya tatu. Safari huanza usiku wa manane na kupanda huchukua saa tano au sita kwenye majivu yanayoteleza, na miguu itakuwa imechoka. Ongezeni siku ya nne.

Jambo jingine: mnyororo upakeni nta, si oili nzito. Majivu ni laini kama unga, yakishikana na oili yanakuwa msasa. Na mkitoka kando ya Natron osheni baiskeli kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, kwani magadi hula nyaya za breki na vichwa vya spoku.