Vitafunwa vya mbwa vya kutengeneza nyumbani: biskuti za dona, maini makavu au dagaa?

KimaraMwisho
Wakuu, habari za jioni. Nina jike la miezi saba, koko aliyechanganyika na German shepherd, namfundisha kuja nikimwita. Ndani ya uzio ana adabu zote. Geti likifunguliwa, akaona bodaboda au kuku wa jirani, hanijui tena. Nimeshauriwa nimzawadie kila anapotii. Vya dukani vimenishinda bei, kijipakiti hakimalizi siku mbili, basi wikiendi mbili hizi nimehamia jikoni.

Nilianza na biskuti: vikombe viwili vya dona, yai moja, kijiko cha siagi ya karanga, maji kidogo, oveni nyuzi 180 kwa nusu saa. Kwa macho zilipendeza. Kuzishika tu, zinamomonyoka kama kichuguu kikavu, mfukoni nikabaki na vumbi.

Wiki iliyofuata nikachukua maini ya ng'ombe nusu kilo. Nilichemsha, nikakata vipande vidogo vya saizi ya punje ya harage, nikakausha kwa moto mdogo saa mbili na ushee. Kwa maini huyu mbwa angeniuza mimi mwenyewe. Ila nyumba ilinuka mpaka mke wangu akafungua madirisha yote, na ile nusu kilo ilisinyaa ikabaki kama viganja viwili.

Dagaa sijajaribu. Wenye uzoefu, kipi kinafaa kwa mafunzo ya kila siku?

NyeriBaridi
Dona peke yake haishikani, haina mnato wa ngano. Chemsha viazi vitamu, uviponde, kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya unga, na maji usiongeze kabisa. Sukuma kama chapati, unene wa nusu sentimita, kata vipande kabla ya kuoka. Zikiiva zima oveni uziache mlemle hadi zipoe. Hapo ndipo zinapokauka sawasawa. Mimi zangu hukaa wiki mbili kwenye mkebe.

Siagi ya karanga iangalieni. Mwaka 2019 huku Kenya shirika la viwango lilisimamisha chapa kadhaa kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Siku hizi nasaga karanga zangu mwenyewe, na iliyojikunja au kubadilika rangi naitupa.

BiChuda
Wiki mbili ni za huko kwenu kwenye baridi, mwenzangu. Tanga hapa siku ya nne zishaota ukungu. Ninachobakisha nje ni cha siku mbili, kingine chote kwenye friza.

Na asiye na oveni asikate tamaa. Sufuria kubwa, mchanga chini, bati lenye biskuti juu yake, funika, makaa palilia chini na juu ya mfuniko kama unapooka keki. Moto wa juu uzidi wa chini, la sivyo zitaungua matako na juu mbichi.

Sasa dagaa, maana ndio nyumbani kwangu. Usinunue kwa macho tu, uliza wametoka wapi. Wa baharini huku pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo kwa mbwa ni lazima uwaloweke na kubadilisha maji mara mbili tatu. Wa Mwanza chumvi hawana, ila wengi huanikwa chini, wana mchanga wa kukuvunja meno. Osha mpaka maji yatoke meupe, kisha wakaushe kwenye kikaango bila mafuta. Dagaa mmoja, zawadi moja, kukata hamna. Kwa bei hakuna kitakachomshinda.

Sufuria na kikaango cha mbwa viwe vyake. Nyumba yetu ya Kiislamu, hilo halina mjadala.

ShambaMuranga
Niwape la kwangu mcheke, ingawa siku hiyo sikucheka. Huku makadamia tunazo tele, nikaona kwa nini ninunue karanga. Nikasaga kikombe kizima nikachanganya kwenye biskuti. Mbwa alikula jioni. Usiku akatapika, asubuhi miguu ya nyuma imelegea, anatetemeka, kusimama hawezi. Nikadhani ameumwa na nyoka. Daktari alipouliza alikula nini na mimi nikataja makadamia, akashika kichwa. Baada ya siku mbili alitembea tena, Mungu saidia.

KimaraMwisho
Pole sana kaka. Kumbe! Basi kuna mtu anaweza kutuambia vingine vya kuepuka? Mimi ningetia kitunguu saumu kesho, nilisikia kinafukuza viroboto.

DawaYaMifugo
Usitie. Kitunguu saumu na kitunguu maji, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Viroboto vina dawa zake. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuua figo. Kakao na chokoleti hapana. Unga uliotiwa hamira ukiwa haujaokwa pia hapana, unaendelea kuumuka tumboni. Halafu someni kibandiko cha siagi ya karanga: ikiwa na xylitol, pengine imeandikwa E967, irudisheni dukani. Ni ile sukari mbadala ya kwenye chingamu. Kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla na huweza kuharibu ini.

Sumukuvu iliyotajwa hapo juu haifi kwa kuokwa. Mahindi yenye sumu hiyohiyo ndiyo yaliyoua watu 125 Makueni, Kitui na jirani zake mwaka 2004, na mbwa hawaivumilii hata kidogo. Nakutana na wafugaji wanaosema unga umevunda, tutampikia mbwa. Msifanye hivyo.

Maini ni mazuri, ila yana vitamini A nyingi inayojilimbikiza mwilini, na ikizidi kwa muda mrefu huathiri mifupa. Yasiwe ya kila siku. Vitafunwa vyote kwa pamoja visipite sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku, na siku ya mafunzo mengi punguza bakuli la jioni.

NyeriBaridi
Daktari, na viazi vitamu peke yake? Nina mzee wa miaka kumi na moja, meno hana.

DawaYaMifugo
Vichemshe, mpe laini. Si lazima kuoka.

KimaraMwisho
Narudi na majibu, wiki mbili baadaye. Biskuti za viazi zimeshikana, mama wa Nyeri asante, na kwa kazi za ndani kama kukaa na kulala zinatosha. Nje ya geti hazina maana, anazinusa na kuniacha. Kwa dagaa wa Mwanza anakuja nikimwita, isipokuwa kuku akiwepo. Kuku akiwepo, maini pekee.

Kwa hiyo maini nayatunza kwenye friza, vipande vitano tu vya Jumamosi tunapokwenda barabarani. Siku nyingine natumia kitu nilichojichanganyia: dagaa waliokaushwa nikawasaga, vijiko vinne kwenye kinyunga kile cha viazi. Harufu imepungua hata mke wangu amekubali, na mbwa jana aliitika mwito wa kwanza bodaboda ikipita.

Tatizo jipya ni paka. Wamekuja watatu dirishani, sijui ni wa nani.

BiChuda
Wako hao sasa.