Jamaa wa solar anasema ofa inaisha kesho saa sita, nilipe dipoziti ama niachane naye?

MamaPacha_Utawala
Habari zenu watu wangu, naombeni ushauri haraka maana kichwa inaniuma. Tuko Utawala, nyumba yetu wenyewe, vyumba vitatu, na stima ya huku mnajua venye hupotea, juzi imeenda Ijumaa jioni ikarudi Jumapili, nyama yote kwa friji ikaharibika. Jumamosi katikati ya hiyo giza vijana wawili wa solar wakabisha geti. Mmoja akapanda kuangalia mabati, mwingine akakaa kwa kochi na tableti yake, heshima tele, mama hivi mama vile, chai akanywa vikombe viwili. Akauliza nanunua tokeni ya ngapi kwa mwezi nikamwambia kama elfu nne na mia tano, yuniti 150 hivi, akabonyeza bonyeza akanigeuzia tableti ati kwa miaka 10 KPLC, hawa wa stima, watakuwa wamekula zaidi ya milioni yangu. Aki nilishtuka.

Sasa anataka kuniwekea paneli 10 za wati 550, inveta ya 5KVA (ile mashine ya kugeuza stima ya paneli itumike kwa nyumba) na betri moja ya lithiamu. Bei ni 620,000 lakini kwangu ni 485,000 nikituma dipoziti ya laki moja kabla ya kesho saa sita mchana. Ati pesa itarudi kwa miaka mitatu, shawa ya moto na pasi zote zitabebwa, stima ikibaki nauzia KPLC. Na jirani wa geti ya bluu ati ameshalipa. Mzee yuko Mombasa kikazi, amesema niamue. Leo pekee kijana amenipigia mara nne. Karatasi aliyoniachia imeandikwa "5KVA kamili", bei, na muhuri, basi. Nifanyeje?

SinaTokeni
Umemuuliza huyo wa geti ya bluu?

MamaPacha_Utawala
Hatuongeleshani sana, kulikuwa na mambo ya mbwa wake na kuku wangu.

Fundi_wa_Nyaya
Mama usitume kitu. Mimi kazi yangu ni hii, nimefunga solar kuanzia Ruai mpaka Karen na hiyo hesabu yake imenichekesha. 4,500 mara miezi 120 ni 540,000, hiyo milioni imetoka wapi? Amejaza mwenyewe kwa tableti kwamba stima itapanda kila mwaka, na hajakuambia amejaza ngapi. Miaka mitatu pia ni hewa, kwa mwaka unatumia 54,000, gawanya 485,000 kwa hiyo unapata karibu miaka 9, tena hapo nimechukulia hutanunua tokeni hata moja.

Halafu angalia hii ndio mbaya zaidi. Yuniti 150 kwa mwezi ni yuniti 5 kwa siku, na yuniti moja ni kilowati-saa moja. Paneli 10 za 550 siku ya jua zuri hapa Nairobi zinatoa yuniti 20 na kitu, Julai na mawingu yake inashuka lakini bado ni nyingi kuliko unazotumia. Anakuuzia lori ukabebe sukuma ya jioni. Lakini kwa betri, ambayo ndiyo ingeokoa nyama yako, ameandika "moja" akanyamaza. Betri ya volti 48 ya 100Ah inashika kama yuniti 5, ya volti 24 ya 100Ah inashika nusu yake, na zote mbili ukiziona dukani ni "betri moja ya lithiamu". Muulize ni kilowati-saa ngapi na aandike. Shawa ya moto nayo peke yake inavuta kilowati 4 au 5, uwashe na pasi hiyo inveta itajizima mara moja, ukiwa na sabuni kichwani. Na umuombe leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, daraja ni T1, T2 na T3, mfumo mkubwa wa kuungana na stima ya KPLC ni wa T3. Usikubali picha ya WhatsApp, jina ulitafute mwenyewe kwa orodha ya EPRA.

MwanaSheriaWaMtaa
Na hiyo ya kuuzia KPLC asikudanganye. Kanuni ni za 2024, hakuna mtu anakutumia M-Pesa kwa stima umerudisha, unawekewa kredi, tena ya nusu ya yuniti ulizorudisha, na lazima uombe kwanza upewe mita ya kuhesabu pande zote mbili. Kingine, kama ungekuwa umesaini hapo kwa kochi yako bado ungetoka, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakupa siku 10 tangu upate nakala ya mkataba kuuvunja bila sababu, ukiwa umeuziwa nje ya duka lake. Lakini kurudishiwa laki iliyoingia kwa simu ya mtu ni vita ingine. Ni till ya kampuni, ile namba ya M-Pesa ya biashara, ama namba yake mwenyewe?

MamaPacha_Utawala
Namba yake. Ati till iko na shida wiki hii.

SinaTokeni
😂😂 till huwa na shida ofa ikikaribia kuisha

KijanaWaRuai
Mimi niliingia box mwaka juzi na bado naskia vibaya. Nililipa robo tatu kabla wapande paa. Paneli zilikuja na stika ya 550, siku moja nikiosha vumbi kona ya stika ikabanduka, chini kuna ingine ya 400. Ningekuwa na tepu ya fundi siku hiyo ningejua, paneli ya 550 ni karibu mita 2.28 kwa 1.13, zangu hata mita mbili hazikufika. Nikaenda ofisi yao tauni nikapata ni kinyozi.

NiliuzaSolar
Niliuza solar miaka miwili acha niseme ukweli. Mwisho wa mwezi ndio unaona hizi ofa kwa sababu komisheni inafungwa, na bei ya "kawaida" hakuna mtu hulipa, iko hapo ndio ya ofa ionekane tamu. Wengine wanauza vitu vizuri, sisemi wote ni matapeli. Jaribu hivi, mwambie mzee anarudi wiki ijayo na mtaamua pamoja. Ofa haitakufa.

MamaPacha_Utawala
Nimemwambia. Ameanza kwa kukasirika, dakika kumi baadaye ametuma ujumbe ati bosi ameongeza mpaka Jumatano 😅 Kuhusu betri nimemuuliza mara mbili, tiki za bluu tu.

Fundi_wa_Nyaya
Haya. Sasa tafuta kotesheni tatu, kila moja iwe na modeli na namba ya kila kitu, na uwaambie unataka ya friji, taa, tv na waifai. Paneli nne zinaweza kukutosha, hiyo pesa ingine iende kwa betri. Shawa iache kwa KPLC.

MamaPacha_Utawala
Mmeniokoa jamani. Nimepiga moyo konde nikaenda geti ya bluu. Yeye ameambiwa mimi ndio nimeshalipa. Karatasi yake ni kama yangu, muhuri ule ule, ila yeye ofa yake ni 455,000! Saa hii amefunga mbwa, tumekaa hapa kwa veranda yake tunaandika vitu vya kila nyumba tuone kama fundi mmoja atatupunguzia tukichukua wawili.