Laptopu ya Excel nzito kwa milioni 2.2: MacBook Air M1, ThinkPad T14 au ya gemu?

KaratasiYaKazi
Wakuu, habari za jioni. Niko kitengo cha fedha kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar. Laptopu yangu ni i5 ya kizazi cha 7, RAM 8GB, na sasa inanitia aibu. Faili langu la bajeti lina shiti 31 na limefika MB 42. Nikibadilisha kiwango cha dola kwenye shiti ya kwanza, kioo kinapauka, Excel haiitikii, nami naenda kuchemsha chai. Narudi na kikombe, bado.

Mwisho wa mwezi navuta miamala ya matawi kwa Power Query (zana ya Excel ya kuvuta na kupanga data), halafu bosi anataka dashibodi ya Power BI. Nyumbani matumizi ni madogo tu: mpira, picha, na binti yangu wa darasa la tano anaangalia masomo.

Mfukoni nina milioni 2.2 na nimebaki na chaguo tatu. MacBook Air M1 iliyotumika, RAM 8GB, safi kweli. ThinkPad T14 Gen 1 iliyotumika kutoka Dubai, i5 ya kizazi cha 10, RAM 16GB. Au ya gemu, mpya, inchi 15.6 yenye kadi ya picha ya RTX, ambayo jamaa wa dukani anasema nikiongeza kidogo tu ananiachia na kwamba "Excel itapaa". Mnanishauri nini?

MzeeWaLeja
Kijana, hiyo ya gemu iondoe kwanza ndipo tuongee. Excel inapiga hesabu zake kwenye prosesa, kadi ya picha imekaa tu inatazama. Pesa ya RTX unamlipia mtu anayecheza mpira wa kwenye kompyuta. Halafu chaja yake kama tofali, na umeme ukikatika betri haikufikishi mbali.

FundiMtaaWaKongo
Mzee kasema kweli ila tusiionee. Prosesa za H kwenye hizo za gemu zina nguvu kuliko za U (za kubana umeme) kwenye hizi za ofisi, na feni zake zinapooza vizuri. Angekuwa haibebi, inakaa mezani mwaka mzima, ningemwambia achukue. Ila mtu wa kupanda mwendokasi asubuhi na begi kifuani? Hapana.

TundaLililoumwa
Mimi natumia M1 tangu 2021, naomba niitetee. Haina feni, kwa hiyo haina kelele. Betri naondoka nayo asubuhi bila chaja narudi nayo jioni. Excel ipo, na inafungua haraka tu. Kwa hayo ya nyumbani uliyoyataja hakuna inayoigusa hapo.

MzeeWaLeja
@TundaLililoumwa wewe unafanya kazi gani, mwanangu?

TundaLililoumwa
Mpiga picha za harusi, mzee. Excel natumia kwa ankara 😅

MzeeWaLeja
Basi tumeelewana. Power BI Desktop ni ya Windows, kwenye Mac haipo. Power Pivot, zana ya kuchambua data nyingi, nayo haipo kwenye Excel ya Mac. Kuna njia ya kuweka Windows ndani ya Mac kwa programu ya Parallels, lakini 8GB ukiigawa kwa mifumo miwili unabaki na ugomvi wa wake wenza. Na RAM ya Mac huongezi baadaye, uliyonunua ndiyo utakayozikwa nayo.

Halafu kuna vidole. Mtu aliyekaa miaka kumi anabonyeza Alt, E, S, V kubandika thamani tupu haangalii tena kibodi. Mwamishie kwenye Mac uone atakavyotukana wiki ya kwanza, na wiki ya kwanza hiyo iangukie kwenye kufunga hesabu.

MwanaMvita
Salamu kutoka Mombasa. Namuunga mkono mzee. Mimi huandaa marejesho ya kodi ya watu, na zile fomu za Excel za iTax, mfumo wa kodi wa Kenya, zina makro (amri za kujiendesha) ndani. Kazi yenye makro za watu wengine huijui iliandikwa vipi wala kwa mashine gani. Bora ukae kwenye Windows uwe pamoja na wenzio. Jingine ambalo hamjalisema: M1 Air yakubali skrini moja tu ya nje bila vifaa vya ziada. Mie mizania iko kushoto, leja iko kulia, siwezi kurudi nyuma.

DadaMizania
Jamani, mbona mnamnunulia mtu dawa hajapimwa? Kaka KaratasiYaKazi, kabla hujatoa hata shilingi fanya hivi. Fungua hilo faili, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye vipimo vya utendaji. Badilisha kiwango cha dola halafu usiende kuchemsha chai. Kaa utazame prosesa iko asilimia ngapi na RAM imejaa kiasi gani. Kisha ndani ya Excel ingia kwenye Akaunti, sehemu ya kuhusu Excel, usome kama ni biti 32 au 64. Rudi utuambie.

KaratasiYaKazi
Nimerudi, dada. RAM imetumika 7.5 kati ya 7.9, na hapo nina kivinjari na barua pepe tu pembeni. Excel ni biti 32 (sikuwahi kujua!). Ila prosesa imenishangaza: imesimama kwenye asilimia 25, haipandi haishuki, karibu dakika nne. Nilidhani itakuwa 100.

DadaMizania
Hiyo 25 ndiyo inayosema yote. i5 yako ya kizazi cha 7 nadhani ni ya U: viini viwili, nyuzi nne (yaani njia nne za kupitishia kazi). Asilimia 25 ni uzi mmoja unaobeba mzigo peke yake, watatu wamekaa kibarazani. Fomula zako zinasubiriana: hii haiwezi kupigwa mpaka ile iishe. Ukinunua prosesa ya viini kumi, tisa watakaa kibarazani vilevile. Una fomula za OFFSET au INDIRECT humo ndani?

KaratasiYaKazi
INDIRECT kila mahali 🙈 Ndiyo inayochagua shiti ya tawi. OFFSET zipo kwenye jumla za tangu mwanzo wa mwaka, miezi 12 mara mistari kama elfu tatu.

DadaMizania
Basi laptopu umeionea. Hizo mbili Excel inazipiga upya kila unapogusa chochote, hata ukiandika jina lako kwenye seli isiyohusika, na kila kinachozitegemea kinapigwa upya pia. OFFSET badilisha iwe INDEX, inafanya kazi ileile bila fujo hiyo. INDIRECT ni ngumu zaidi: rundika data za matawi yote kwenye jedwali moja kwa Power Query, uwe na safu ya jina la tawi, kisha jumlisha kwa SUMIFS. Na ukiwa katikati ya matengenezo weka hesabu kwenye mkono (Manual), upige F9 mwenyewe ukitaka.

Lakini laptopu bado unahitaji, sikukatazi. Power Query na Power BI vinakula RAM kweli, na Excel ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 2 hadi 4 hata ukiwa na RAM 32. Waombe watu wa TEHAMA wakuwekee ya 64. Halafu Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha 8. Mashine yenye hesabu za kampuni usiiache hivyo.

FundiMtaaWaKongo
Hapo sasa nimepata kazi. T14 Gen 1 si mbaya, ila RAM yake moja imechomelewa kwenye ubao na nafasi ni moja tu. Kwa bajeti hiyo tafuta Latitude 5420 au EliteBook 840 G8. Zote kizazi cha 11, na zote zina nafasi mbili za RAM. Uzi mmoja wa kizazi cha 11 unakimbia kuliko wa 10, na kwa ugonjwa aliousema dada hapo ndipo utafaidi.

Ukienda dukani usitazame rangi. Washa, ingia BIOS (mipangilio ya kabla ya Windows kuwaka) uone kama ina nywila ya kampuni ya zamani. Ikiwa nayo, iache hapohapo mezani. Kisha fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Halafu tazama kitufe cha Enter. Kikiwa kimelala ni kibodi ya Marekani. Kikiwa kimesimama kirefu ilitoka Ulaya, na hapo papasa vitufe kwa kucha, mara nyingi wamebandika stika juu ya herufi za Kijerumani.

MwanaMvita
Na ununue kibodi ndogo ya namba ya USB. Inchi 14 hazina namba pembeni, na kuingiza vocha mia mbili kwa ile mistari ya juu ni adhabu.

TundaLililoumwa
Na mtoto mfungulie akaunti yake kwenye Windows. Wa kwangu aliwahi kubadilisha majina ya folda za harusi nzima kuwa majina ya paka.

KaratasiYaKazi
Mrejesho, wakuu. Wikiendi nzima nimehangaika na OFFSET. Zote zimekuwa INDEX, INDIRECT nimeondoa kwenye shiti za gharama tu, za mauzo bado. Kwenye laptopu ileile ya zamani, dakika nne zimekuwa sekunde kama 40.

Jana nikaingia Kariakoo. Latitude ya kwanza niliyoshika ilikuwa nzuri mno, nikakumbuka Enter. Imesimama. Nikapitisha ukucha kwenye Y, stika ikanyanyuka, chini yake Z. Muuzaji akaniambia "hiyo ni ya kimataifa". Nikaenda duka la tatu, nikapata 5420, i5, RAM 16 na nafasi moja iko wazi. Nimeongeza 16 nyingine na kibodi ya namba, na chenji imebaki.

FundiMtaaWaKongo
Betri ulipima?

KaratasiYaKazi
Nilipima mbele yake. Imebaki asilimia 71. Akakaa kimya, akanipunguzia elfu sitini.